Jibu la Saa Moja na Robo

Kila asubuhi, saa moja na robo, Mwandawiro alitoka nyuma ya ghala la taa pale stesheni ya Voi, akapangusa kioo kwa upindo wa shati lake, akakielekeza kwenye mlima wa Sagalla na kumulika mara mbili. Kisha alishusha mkono akangoja. Kule juu, karibu na mwamba mweupe ulioonekana kutoka huku chini kama punje moja ya mahindi, nuru ndogo iliwaka ikazimika, ikawaka tena ikazimika, naye aliihesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Hesabu ikitimia, alikitia kioo mfukoni, akaenda kunywa chai.

Nuru ile ilikuwa ya mke wake. Wakesho aliishi juu mlimani na mama mkwe wake, Mbula, na mtoto wao wa kwanza, Donald, mwenye miaka mitano. Huko kulikuwa na shamba na migomba, na chemchemi isiyokauka hata mwezi wa pili. Mwandawiro alikuwa mtunza taa wa reli. Alipanda nguzo za ishara, akajaza mafuta, akakata tambi na kusafisha vioo vyekundu na vya kijani, ili dereva wa treni itokayo Mombasa au Taveta ajue kama njia ni yake au si yake. Alipanga chumba Kaloleni. Jumamosi alasiri alipanda mlima, Jumapili jioni akateremka, na siku zilizobaki nyumba yake yote ilikuwa ndani ya kile kipande cha kioo.

Vilikuwa vipande viwili vya kioo kimoja. Alikinunua mwaka aliooa, katika duka la pale Voi, akamwomba fundi akikate katikati. Nyuma ya kila kipande alikwangua rangi, akaacha tundu dogo la kuchungulia, na kando ya mwamba mweupe akachimbia kijiti chenye panda. Wakesho alifundishwa kusimama nyuma ya kijiti, kuiweka stesheni katikati ya panda, kisha kuuvuta mwanga taratibu mpaka uguse ncha zake. Alijua kwa siku moja. Kuzima alitumia pindo la leso.

Stesheni nzima ilijua habari hizi. Phineas Mwendwa, Mkamba aliyekuwa na kazi ya kugeuza reli, ndiye aliyeongoza masihara. Aliwaambia abiria wanaongoja treni kwamba yule Mtaita anachumbia mlima. Siku nyingine aliuliza kama leo mlima umeagiza chumvi au sukari, na kama kile kioo kinaweza kumwomba Mungu mvua kidogo upande wa Maungu, ambako dada yake Syombua alikuwa amepanda mtama mara mbili na mara mbili haukuota. Mwandawiro alicheka naye. Hakuwa mtu wa kukasirika, wala wa maneno mengi. Wageni walimdhania ana usingizi. Waliomzoea walisema ni mtu anayesikiliza kitu kingine.

Mwanzoni hakuwa akihesabu. Mwaka wa kwanza wa ndoa ilitosha kuona mwanga wowote. Kisha jirani yao, mzee Kituku, akaezeka nyumba yake kwa mabati, ya kwanza upande ule wa mlima. Siku nne nzima Mwandawiro aliuliza, akajibiwa, akanywa chai yake kwa amani. Jumamosi alipopanda, alimkuta Wakesho ndiyo kwanza anatua mzigo. Ametoka Mbololo, alikokwenda tangu Jumanne kumwuguza dada yake. Aliyekuwa akimjibu mumewe siku zote hizo ni paa la Kituku. Mlima wote ulicheka. Walisema Mwandawiro ameoa mke wa pili, hali wala havai, ila akishika kutu atajuta.

Yeye hakucheka. Jumapili ile, kabla ya kuteremka, alichukua karatasi akaandika siku sita, na mbele ya kila siku tarakimu moja, kuanzia moja mpaka sita, amezichanganya kama karata. Akaibandika nyuma ya mlango. Nakala yake aliitia ndani ya kofia. Alimwambia Wakesho kwamba tangu sasa atakapoulizwa, amulike kwa hesabu ya siku hiyo, si zaidi, si pungufu, na kila Jumapili ataandika nyingine.

"Bati linaweza kung'aa," alisema, "lakini halijui leo ni siku gani."

Wakesho aliisoma karatasi kwa muda. Alikuwa mwanamke asiyeuliza maswali. Jambo alilitazama mpaka likajieleza lenyewe.

"Basi sasa mimi ni ndege," alisema, akaenda kukamua mbuzi.

Alisema hivyo kwa sababu habari za ndege za vita alikuwa amezisikia, usiku mwingi, kutoka kwa mtu anayezungumza huku akitazama paa.

Zilianzia vitani. Mwaka wa arobaini na tatu Mwandawiro alikuwa askari kijana katika kibanda cha rada juu ya kilima kimoja cha pwani. Kazi yake haikutaka elimu: alikaa ndani ya giza, akizungusha usukani wa chuma uliogeuza chanja kubwa la nyaya juu ya paa. Sajini, mzungu mwenye kikohozi, alikaa mbele ya kioo cha kijani akisema kushoto, kulia, simama. Lakini macho ya anayezungusha usukani hayana kazi, na kioo kile ndicho kilichokuwa mwanga pekee mle ndani. Kwa hiyo alitazama.

Zamu zilikuwa ndefu, na sajini alikuwa mtu wa kueleza. Mtambo hutupa mawimbi, alisema. Mawimbi hugonga kitu huko mbali, hurudi, na yanaporudi mstari wa kijani huota jino. Jino likiwa mwanzo wa mstari, kitu kiko karibu. Likiwa mwisho, kiko mbali. Kilima huota jino, meli huota, ndege huota. Ila jino halisemi kitu hicho ni cha nani. Ndege ya adui na ya rafiki hurudisha mawimbi sawasawa, kama ukuta wa kanisa na ukuta wa jela unavyorudisha sauti yako sawasawa.

Ndiyo maana ndani ya kila ndege yao palifungwa sanduku jeusi, dogo kuliko debe. Kibanda kilituma mawimbi mengine, ya kuuliza tu. Sanduku lilikaa likisikiliza, na likiguswa na swali lilipaza sauti yake lenyewe, na chini ya jino la kwanza likachomoza jino la pili. Lilichomoza, likatoweka, baada ya sekunde mbili tatu likachomoza tena. Sajini alieleza kwamba swali laweza kuja kwa njia yoyote kati ya nyingi, na sanduku huzipitia zote kwa zamu, kama mlinzi wa usiku anayezunguka milango. Jino hilo la pili lilikuwa jembamba au pana, na mpangilio wa wembamba na upana ulikuwa siri ya siku. Rubani alikuwa na swichi ya kuzungusha yenye nafasi sita. Akiiweka pasipo pake, au akisahau kuwasha sanduku, mizinga ya bandari ilimhesabu adui. Akiwa taabani, palikuwa na swichi nyingine, na jino likavimba kuliko yote. Na mle sandukuni palitiwa baruti kidogo, ili ndege ikianguka ugenini sanduku lijivunje, lisije likamfundisha adui kujibu.

Jambo lililomkaa Mwandawiro moyoni si baruti. Ni kwamba rubani hakuwa na haja ya kujua ameulizwa. Angeweza kuwa anatafuna biskuti, au anaimba. Sanduku lilisema kwa niaba yake, nyuma ya mgongo wake, huku nchi kavu mtu asiyemjua akizungusha usukani. "Ni wetu," sajini alinong'ona kila jino la pili lilipochomoza, akaandika daftarini.

Alasiri moja ndege ya doria ilirudi kutoka baharini. Jino la kwanza, na chini yake la pili, siri ya siku ile sawasawa. Ni wetu. Lakini haikushuka kuelekea uwanjani. Ilipita, ikapinda taratibu kama ng'ombe aliyeachwa bila mchungaji, ikaelekea tena kwenye maji matupu. Sajini aliita kwa redio. Akaita kwa namba ya ndege, kisha kwa jina la rubani, kisha kwa jina ambalo pengine mama yake rubani ndilo alilomwita. Hakuna aliyesema kitu. Mwandawiro alizungusha usukani pole pole kuifuata. Kadiri ilivyokwenda, jino la kwanza lilipungua, likawa unywele, likazama katika mstari. La pili likabaki. Sauti ya sanduku ilikuwa na nguvu kuliko mwangwi wa ndege yenyewe, kwa hiyo ndege ilikuwa imekwisha kutoweka kiooni na jibu lake likawa bado linachomoza peke yake, jembamba, pana, jembamba, pana. Ni wetu, ni wetu. Halafu nalo likaisha.

Askari wa usukani hakuelezwa ilikuwaje. Sajini alifunga daftari, akakohoa, akamwambia ageuze chanja kaskazini. Mwandawiro aligeuza. Miaka mingi baadaye aliliota jino lile, na ndoto haikuwa ya kutisha, ilikuwa ya kijani na ya utulivu: yeye ndiye rubani, amelala, bahari iko chini kama shuka, na nyuma ya kiti chake kitu kinamsemea. Alipoamka alikuwa na kiu.

Mwaka wa hamsini na tano Alexander, aliyekuwa naye jeshini na sasa akifanya kazi kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi, alipita Voi kwa treni, wakapata dakika ishirini za kusimama jukwaani na vikombe mkononi. Alexander alimwambia kwamba masanduku yale ya zamani yametupwa. Sasa swali lenyewe ni kama mtu anayebisha mlango mara mbili, na nafasi kati ya kubisha na kubisha ndiyo inayosema ni swali lipi: wewe ni wetu, au wewe ni wa kikosi gani. Sanduku husikia nafasi hiyo na kujua lijibu lipi. Watu wanasema, Alexander aliongeza, kwamba hata ndege za abiria zitafungiwa, ili mtu aliye chini ajue ni nani anayepita juu yake katika mawingu. Treni ikapiga filimbi. Toka siku hiyo Mwandawiro, aliyezoea kumulika mara moja, alimulika mara mbili.

"Na asipojibu?" Phineas aliwahi kumwuliza. Walikuwa wameketi juu ya mataruma ya reli, wakingoja treni ya mizigo.

Mwandawiro alisema siku za ukungu hajibu, na yeye hujua ni ukungu.

"Na siku isiyo na ukungu?"

"Haijatokea."

Phineas alitafuna kijiti chake. Alisema kwao mtu akitaka kujua hali ya mke wake huenda nyumbani akala, na hali huiona kwenye sahani.

Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka wa hamsini na sita. Wakesho alikuwa mjamzito, miezi saba imepita. Jumapili walikubaliana kwamba Mbula angekwenda Mgange kwenye matanga ya kaka yake, na Donald angekwenda naye, na watarudi Ijumaa. Nyumba ya Kituku nayo ingebaki tupu, maana wao pia walikuwa wafiwa. Mwandawiro alisita. Wakesho alimwambia ashuke kazini; tumbo hili halijamsumbua, na mkunga, Nyanya Tryphena, yuko ng'ambo ya bonde, mwendo wa nusu saa. Akampa ndizi za kuchemsha, akamsindikiza mpaka kwenye mwamba.

Jumatatu hesabu ilikuwa mbili, akajibiwa mbili. Jumanne sita, akajibiwa sita. Jumatano moja tu, na ile moja aliiacha iwake kidogo zaidi ya kawaida, kama mtu anayemshika mwenzake mkono. Mwandawiro alikunywa chai vikombe viwili.

Alhamisi hesabu ilikuwa nne. Anga lilikuwa jeupe, upepo wa asubuhi unatoka tambarare ukiyumbisha majani makavu. Akapangusa kioo, akamulika mara mbili.

Mwanga ukaja. Tatu. Ukasita. Moja. Halafu haraka haraka, kama mtu anayepepesa macho, sita au saba, na mmoja mrefu uliofifia pole pole.

Alichungulia ndani ya kofia yake. Nne. Akangoja mlima utulie, akamulika tena mara mbili. Mbili zikaja, kisha kimya, kisha tano.

Phineas alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe. "Leo ana maneno mengi," alisema. "Umemwudhi nini?"

Mwandawiro alikuwa amekishusha kioo chake, amekificha kabisa chini ya kwapa, na sasa anatazama tu. Hakuuliza. Kule juu mwanga ukawaka, ukazimika, ukawaka mara mbili, ukatulia, ukawaka. Ulikuwa ukimjibu mtu ambaye hajauliza.

"Si yeye," alisema.

"Si yeye vipi? Mwamba ni ule ule. Kioo ni kile kile. Amekujibu mara ishirini, ndugu yangu, unataka akuandikie barua?"

"Kioo ni chetu. Hakuna mtu nyuma yake."

Phineas alitazama mlima, kisha akamtazama yeye. Baadaye, kila alipoisimulia habari hii, na aliisimulia mpaka uzeeni, alisema kwamba alikuwa na mzaha mwingine tayari mdomoni, mzuri kuliko ule wa kwanza, akaumeza pamoja na chai. Aliinua debe la mafuta lililokuwa miguuni pa Mwandawiro. Alisema treni ya Taveta ni saa nane, taa atazijaza yeye, na bwana mkubwa akiuliza, fundi wa taa amekwenda kuangalia ishara ya upande wa Maungu. Uwongo huo ulikuwa dhaifu na wote wawili walijua. Mtu aliyeacha zamu bila ruhusa alipoteza kazi, na kazi ya reli haikuwa kitu cha kuokotwa.

"Akiwa mzima atakucheka," Phineas alisema.

"Acha acheke."

Alikwenda mbio mpaka mtoni, kisha akatembea kwa hatua zile za jeshini ambazo mwili haukuwa umezisahau. Tambarare ilikuwa nyekundu na tupu. Ndovu walikuwa wamevuka alfajiri, mavi yao bado yanatoa moshi. Kila alipoinua uso mwanga ulikuwa pale, juu ya kichwa chake, ukiwaka na kuzimika bila hesabu, na kwa jinsi jua lilivyopanda na yeye alivyokwenda, wakati mwingine ulimpiga machoni kabisa. Aliona kama anatembea ndani ya kile kibanda. Miguu yake ilizungusha usukani. Kushoto, kulia. Hakusali, ingawa alitaka. Kila alipoanza maneno yaligeuka kuwa ni wetu, ni wetu. Alijipa matumaini madogo. Pengine mbuzi aliyemshika kwa kamba anamvuta mkono. Pengine amekwenda chemchemini, akakiacha kioo juu ya jiwe. Alitamani sana kuchekwa. Alijipangia atakavyosimama pale mlangoni akichekwa, jasho likimtoka, na jinsi Kituku atakavyoisikia habari hiyo ikifika Mgange.

Palipoanza mwinuko mkali, mlima ulijificha nyuma yake wenyewe na mwanga ukatoweka. Akapanda saa nzima bila kuuona, akishika mizizi.

Kioo kilikuwa kwenye kile kijiti chenye panda. Kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa mkonge, kimening'inizwa, kinazunguka na upepo, kikisimama, kikizunguka tena upande wa pili. Fundo lilikuwa lake Wakesho, lile alilofungia ndama. Mwandawiro alikishika kikatulia. Kilikuwa cha moto.

Mlango ulikuwa wazi. Karatasi ya hesabu ilikuwa nyuma yake, Alhamisi nne. Wakesho alikuwa chini, karibu na mafiga, amejiegemeza kwenye gunia la mahindi, leso ameiuma meno. Mkeka ulikuwa umelowa. Alifungua macho akamtazama kwa muda, kama alivyotazama mambo yote.

"Leo si Jumamosi," alisema.

Alikuwa ameanguka jana jioni chemchemini, juu ya jiwe lenye utelezi. Uchungu ulianza usiku, mwezi mmoja na zaidi kabla ya wakati. Hayo Mwandawiro aliyajua baadaye. Wakati ule alimpa maji, akamwinua kichwa, akatoka mbio kuvuka bonde. Nyanya Tryphena alikuwa akichambua maharagwe. Aliyaacha pale pale, akampita Mwandawiro njiani kwa umri wake wote, akaingia, akafunga mlango usoni pake.

Alikaa nje juu ya kinu kilicholazwa. Jua lilisimama juu ya Sagalla, likaanza kuinama. Kule chini treni ya Taveta ilitoka stesheni kama mdudu mwenye moshi, na ishara ilikuwa imeshuka ipasavyo, na alijua kwamba taa ina mafuta. Aliwaza mambo ambayo hayakuwa na mpangilio. Aliwaza sajini alikuwa na watoto au hakuwa. Mle ndani sauti ya mkunga ilikuwa ya chini na isiyo na haraka, na sauti ya Wakesho haikusikika kabisa. Aligonga mlango mara mbili, akaambiwa aache.

Alasiri mtoto alilia. Kilio kilikuwa kidogo, kama mlango wa kabati. Mkunga alitoka, akanawa mikono kwa maji ya chungu, akasema ni msichana, mdogo kama kiganja, lakini ana hasira, na wenye hasira hukaa. Mama amepoteza damu nyingi. Atapona akilala na akinywa. Halafu akaongeza, bila kumtazama, kwamba mtoto alikuja kwa miguu, na mwanamke aliye peke yake hawezi kumtoa mtoto wa namna hiyo. Kama Mwandawiro angechelewa mpaka jua lifike pale, akaonyesha kwa kidole kilicholowa, basi wangekuwa wakizungumza mengine.

Jioni aliruhusiwa kuketi kando ya kitanda. Mtoto alikuwa amefungwa juu ya kifua cha mama yake, kichwa hakikuwa kikubwa kuliko chungwa. Dirisha dogo lilikuwa na mwanga wa dhahabu, na ukutani, kwa sababu kile kioo alikuwa amekileta ndani na kukilaza juu ya sanduku la nguo, palikuwa na kipande cha jua kilichotetemeka kila mtu alipotikisa kitanda.

Wakesho alizungumza kwa vipande vipande, macho yamefumbwa. Alisema palipokucha alijua hawezi kusimama nyuma ya kijiti. Alijikokota mpaka kwenye mwamba na aliona wazi kwamba saa moja na robo mumewe atauliza, na asipojibiwa ataacha kazi, na kazi ikiondoka hawa watoto watakula nini. Na uchungu alidhani utatulia, kama ulivyotulia kwa Donald mara mbili kabla ya siku yake. Ndipo akakumbuka lile sanduku la ndege linalojibu lenyewe, mwenyewe akiwa amelala. Akafunga kioo, akauachia upepo. Alirudi ndani kwa magoti akisikia amefanya jambo la akili.

"Nilisahau hesabu," alisema. "Yaani sikuisahau. Nilisema pengine upepo utaipata."

Mwandawiro alimwambia apumzike.

Mtoto alikoroma kidogo. Kipande cha jua kilipanda ukutani kikageuka chekundu, na kwa miaka yote saba ya ndoa, asubuhi baada ya asubuhi, ni Mwandawiro aliyeuliza na ni mkewe aliyejibu, na hakuna kati yao aliyewahi kuona ajabu. Sasa Wakesho alifungua macho.

"Baba Donald," alisema. "Kama upepo ungepata nne, ungepanda?"

Aliweza kusema uwongo. Ulikuwa tayari, na mzuri, na mtu aliyepoteza damu anastahili kitu kizuri. Alikitazama kioo pale juu ya sanduku la nguo.

"Singepanda," alisema. "Ningeenda kunywa chai."